Ufuta, mchele na mwiko: Ubudha unavyofundishwa jikoni

Ukitaja Ubudha, wengi hukumbuka sanamu ya mtu aliyekaa amekunja miguu, udi unaofuka, na maneno ya hekima yanayosambazwa kwenye simu kila asubuhi. Vyote hivyo vipo. Lakini anayetaka kuyaona mafundisho yenyewe yakifanya kazi, na kuelewa yalifikaje kwenye kumbi za sanaa za New York na kwenye kliniki za wagonjwa wa maumivu sugu, aanzie pasipo na mapambo: jikoni mwa hekalu la Zen, tapo la Ubudha wa Asia Mashariki linalotilia mkazo tafakuri ya kukaa kimya, kabla hakujapambazuka, pale mtu mmoja anapoosha mchele.

Andiko kubwa kuhusu jiko hilo liliandikwa mwaka 1237 na Dogen (1200–1253), mtawa wa Kijapani aliyeasisi tapo la Soto, tawi la Zen, nchini mwake. Linaitwa Tenzo Kyokun, maelekezo kwa mpishi mkuu. Tenzo, yaani huyo mpishi mkuu, ni mmoja wa viongozi sita wa nyumba ya watawa, na Dogen anasisitiza kwamba kazi hiyo tangu zamani walipewa watu waliokomaa katika njia, hawakupewa wanafunzi wa juzi. Ndani yake hutapata mapishi. Utapata namna ya kupokea vyakula vya kesho, mahali pa kuweka mwiko, namna ya kulitazama jani la mboga lililochakaa. Mimi naliona kuwa andiko la vitendo kuliko mengi yanayouzwa leo kwa jina la utulivu wa akili.

Kwanza tuondoe dhana moja. Budha na wafuasi wake wa mwanzo hawakupika. Walizunguka na bakuli, wakala walichotiliwa, na hata nyama waliruhusiwa kuipokea mradi mtawa hakuona, hakusikia wala hakushuku kwamba mnyama kachinjwa kwa ajili yake. Mapokeo ya Theravada ya Sri Lanka, Thailandi na Myanmar bado yanakwenda hivyo: mtawa hapokei mlo baada ya saa sita mchana, na mtoaji ndiye anayepika. Hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, ni la mapokeo hayo, kwa hiyo anayekwenda pale akitarajia jiko la Zen amekosea mlango.

Jiko ninalolisema lilizaliwa Uchina. Mfalme Wu wa Liang, aliyetawala kuanzia 502 hadi 549, alihimiza kwa nguvu watawa waache nyama. Baadaye nyumba za watawa zilijengwa milimani, mbali na miji, na haikuwezekana tena kuomba chakula mlango kwa mlango. Watawa wakalima, wakapika. Baizhang (720–814), anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeweka utaratibu wa kazi katika nyumba hizo, alishika msimamo kwamba siku isiyo na kazi ni siku isiyo na mlo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walimficha jembe kwa kuuhurumia uzee wake, naye siku hiyo akakataa kula. Tangu hapo kulima, kukata kuni na kupika vikawa mafundisho, sawa na kukaa kimya na kusoma sutra, yaani maandiko ya Kibudha.

Dogen alilielewa hilo kwa shida. Mwaka 1223 alifika Uchina, na meli ikiwa bado bandarini, katika mji ambao leo unaitwa Ningbo, akapanda mzee mmoja wa miaka 61 kutafuta uyoga mkavu kutoka Japani. Alikuwa mpishi mkuu wa nyumba ya watawa iliyokuwa umbali wa li 34 au 35 kwa kipimo cha Kichina, karibu mwendo wa kilomita 18, na alikuja kwa miguu kwa sababu kesho yake ilikuwa sikukuu na alitaka kuwapikia wenzake supu ya tambi. Dogen akamsihi alale. Akakataa. Kijana akamuuliza mbona mtu wa umri wake anahangaika na jiko badala ya kukaa katika tafakuri na kusoma maneno ya wahenga. Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajajua njia ni nini, kisha akaanza safari ya kurudi kwa sababu jua lilikuwa linazama. Baadaye, katika nyumba nyingine, Dogen akamkuta mpishi wa miaka 68, mgongo umepinda kama upinde, akianika uyoga juani bila kofia. Dogen akauliza: kwa nini usimwachie msaidizi? Mzee akajibu: wengine si mimi. Lakini jua ni kali! Basi ningoje wakati gani?

Majibu hayo mawili yanabeba andiko zima. Kazi hii haina mtu mwingine wala wakati mwingine.

Tuje kwenye mchele. Dogen anataka mpishi auoshe kwa mikono yake, karibu, bila kuyaondoa macho. Unapoutazama mchele utafute mchanga. Unapoutazama mchanga utafute mchele. Kuna kisa cha Xuefeng, aliyekuwa mpishi kwa mwalimu Dongshan. Aliulizwa: unaondoa mchanga uache mchele, au mchele uache mchanga? Akajibu kwamba anaondoa vyote kwa pamoja. Watu watakula nini? Akapindua beseni. Dogen anamheshimu Xuefeng, ila mafundisho yake mwenyewe yanabaki kwenye beseni lililosimama wima, kwa sababu kuna watu wanaosubiri uji.

Kwa nyumba ya kawaida, utaratibu ni huu. Upepete mchele kwenye ungo na kuuchambua ukiwa mkavu, kwa sababu jiwe jeupe likilowa hufanana kabisa na punje. Maji ya kwanza yamimine mengi, korogesha mara mbili tatu, yamwage ndani ya sekunde kumi hivi. Mchele mkavu hunywa kwa pupa maji yanayouwahi, na yale ya kwanza ndiyo yenye vumbi la pumba. Ukiyaacha, wali utanuka pumba hata ukiuosha mara kumi baadaye. Kisha uusugue taratibu kwa kiganja bila kuuvunja, maji mengine, mara tatu au nne, mpaka uone punje chini ya maji yaliyopungua weupe. Usingoje yawe angavu kabisa, utakuwa unaosha wanga bure. Maji yote yamwagwe kupitia chujio. Dogen hataki punje hata moja iende, na yale maji meupe hayatupwi: hufaa kuchemshia mboga za mizizi zenye ukali au uchungu, wanga wake hupunguza ukali huo.

Uji wa asubuhi wa hekalu ni wa mchele na maji tu. Kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe vitano vya maji hutoa uji mzito. Kwa vikombe kumi, mwepesi. Loweka nusu saa, chemsha, koroga mara moja tu unapoanza kutokota ili usishike chini, kisha punguza moto mpaka karibu uzimike, weka kifuniko ukiacha upenyo, na uuache dakika 40 au 50. Usikoroge tena. Anayekoroga huvunja punje, wanga wote hutoka, na badala ya uji wenye punje laini unapata gundi inayoungua. Mchele wetu wa kunukia, mrefu, hutoa uji usioshikana sana kama ule wa punje fupi wa Japani. Hilo halina ubaya. Kando ya uji huwekwa kachumbari ya figili iliyochachushwa na ufuta uliosagwa na chumvi: vijiko vinane vya ufuta uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha chumvi, visagwe pamoja bila kuwa unga.

Vyombo navyo vina mafundisho. Kinachofaa kukaa juu kikae juu, kinachofaa kukaa chini kikae chini, ndivyo Dogen anavyoagiza, kwa sababu palipo juu patatulia na palipo chini patatulia. Ni agizo la usalama na la fikra kwa pamoja. Sufuria nzito rafuni juu ni ajali inayosubiri, na mwiko usio na mahali pake hukufanya uyaondoe macho kwenye moto kila mara. Anataka pia mpishi asidharau mboga duni wala asichangamke kupita kiasi akipewa vitu vya thamani. Bidii isibadilike kwa kufuata bei ya kitu. Naona hili ndilo gumu kuliko yote, na yeyote aliyewahi kupikia wageni siku moja na kujipikia mwenyewe siku iliyofuata anajua kwa nini.

Upishi huu unaitwa shojin ryori. Hauna nyama, samaki wala mayai, na hauna mboga tano zenye harufu kali: vitunguu saumu, vitunguu, na jamii zake zenye majani. Orodha hutofautiana kidogo kwa nchi. Sababu zinazotolewa na maandiko ya Kibudha ya Asia Mashariki ni kwamba zikipikwa huamsha tamaa na zikiliwa mbichi huamsha hasira. Tangawizi ruksa. Kwa mpishi wa Afrika Mashariki, ambaye kila kitu huanza kwa kukaanga kitunguu, mtihani ndio huu: ladha itoke wapi? Itoke kwenye mbegu, mizizi, mwani na uyoga, na kwenye muda.

Supu ya msingi inatosha kulionyesha hilo. Lita moja ya maji baridi, gramu 10 za kombu (mwani mpana mkavu wa bahari za baridi), na uyoga mkavu wa shiitake gramu 15, kiasi cha vipande vinne. Viache kwenye jokofu usiku kucha. Asubuhi toa uyoga, pasha maji polepole na kombu ikiwa ndani, uitoe viputo vidogo vinapoanza kupanda kutoka chini ya sufuria. Ikichemka kwa nguvu hutoa utelezi na uchungu. Uyoga ulowekwe kwenye baridi, si maji ya moto. Ukiuharakisha kwa maji ya moto unapata rangi nzuri na ladha kali yenye uchungu. Nguvu ya mchanganyiko huu ilielezwa na wanakemia wa Kijapani: Ikeda Kikunae mwaka 1908 aliitambua glutamati, kiini cha ladha, ndani ya kombu, na baadaye Kuninaka Akira akaonyesha kwamba guanilati, kiini kingine cha ladha ambacho kimo kwa wingi kwenye shiitake kavu, ikikutana na glutamati huzidisha ladha kuliko kila moja peke yake. Watawa walikuwa wameshajua kwa ulimi. Tahadhari kwa wa pwani: mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine, unatafutwa kwa ajili ya karajinani inayotia uzito vyakula na dawa, nao hauwezi kushika nafasi ya kombu. Kombu kavu hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Asia katika miji mikubwa.

Uyoga unanipeleka kwenye sanaa, na njia si ndefu. John Cage, mtunzi wa muziki wa Marekani, alihudhuria masomo ya msomi wa Kijapani D. T. Suzuki kuhusu Zen katika Chuo Kikuu cha Columbia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano kwa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga noti hata moja, akifunga na kufungua kifuniko kuonyesha sehemu tatu za utungo wa Cage. Walichosikia watu ni upepo, mvua juu ya paa, na wao wenyewe. Cage huyohuyo alikuwa mtafutaji hodari wa uyoga wa porini, aliufundisha darasani mjini New York, na mwaka 1962 alishiriki kuanzisha upya chama cha wapenda uyoga cha jiji hilo. Haya ni mambo mamoja. Anayeokota uyoga bila kuutazama vizuri anaweza kufa, kwa hiyo jicho halina ruhusa ya kukisia. Sikio la yule aliyekaa kwenye ukumbi wa Woodstock liliombwa kazi hiyohiyo.

Mwaka 1962 pia, Alison Knowles wa kundi la wasanii la Fluxus, lililochota mengi kwa Cage, aliwasilisha London kazi ambayo maelekezo yake ni kutengeneza saladi. Wasanii wakakatakata mboga mbele ya watu, sauti za visu zikiwa ndio muziki, kisha watu wakala. Mwaka 1992 Rirkrit Tiravanija, msanii wa Kithai aliyezaliwa Buenos Aires, alihamisha vitu vya ofisi ya ukumbi wa 303 Gallery wa New York, akapika mchuzi wa Kithai na wali, akawagawia waliokuja bila malipo. Jumba la sanaa la MoMA la jiji hilo baadaye liliipokea kazi hiyo na kuipika upya. Wakosoaji wengi huieleza kwa nadharia za mahusiano ya watu. Mimi naona kwamba mtu aliyekulia kwenye nchi ambako kila asubuhi watu husimama barabarani wakitia chakula kwenye bakuli za watawa hahitaji nadharia ndefu ili aone chakula kinachotolewa kuwa tendo kamili.

Korea Kusini ina mtawa Jeong Kwan, wa hekalu la Baekyangsa, ambaye hana mgahawa wala hakusomea upishi chuoni, lakini wapishi wenye majina makubwa duniani husafiri kwenda kukaa jikoni kwake. Kwenye tiba, Jon Kabat-Zinn, aliyejifunza Zen kwa mwalimu wa Kikorea Seung Sahn, alianzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mpango wa wiki nane kwa wagonjwa wa maumivu na msongo. Moja ya mazoezi yake ya mwanzo ni kula zabibu kavu moja: kuitazama, kuigusa, kuinusa, kuiweka ulimini, kisha ndipo kuitafuna. Ni zoezi zuri. Upungufu wake ni kwamba mlaji hajaiosha zabibu, hajaipika wala hajamgawia mtu. Jiko la Dogen linaanza na hayo.

Sasa tufike kwenye chakula ninachokipendekeza kwa anayetaka kujaribu mwenyewe: goma-dofu, tofu ya ufuta, fahari ya mahekalu ya Koya na Eihei-ji nchini Japani. Ingawa inaitwa tofu, haina soya hata chembe. Ni tui la ufuta lililogandishwa kwa wanga. Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouuza huko, kwa hiyo ufuta wa Lindi na Mtwara umo tayari kwenye vinu vyao. Huku kwetu malighafi iko sokoni, na bado wengi hawajui kwamba inaweza kuwa chakula laini namna hii.

Vipimo vya watu wanne hadi sita: ufuta mweupe gramu 100, maji mililita 500, wanga gramu 50, chumvi robo kijiko cha chai.

Anza kwa kuusafisha ufuta, na hapa ndipo maneno ya mchanga na mchele yanaporudi kwa ukali zaidi. Ufuta wa sokoni huwa na mchanga mwembamba ambao jicho haliuoni na jino haliusamehe. Pepeta. Kisha mimina kwenye beseni la maji, koroga, na chota mbegu zinazoelea na zilizo katikati kwa chujio dogo la waya. Usimwage beseni lote kwenye chujio, utarudisha mchanga uliokwisha kuzama. Rudia mara tatu kwa maji mapya. Mwisho papasa chini ya beseni kwa kidole: ukisikia mkwaruzo, rudia.

Ukitaka tofu nyeupe ya mtindo wa Koya, tumia ufuta mbichi uliokobolewa. Ukitaka harufu, kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukitikisa kikaango muda wote. Mbegu mbili tatu zikianza kuruka, toa moja uisage kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Ikipondeka bila kubishana, umefika. Mimina kwenye sahani papo hapo, maana kikaango chenye moto huendelea kukaanga hata jiko likizimwa. Ukizidisha nusu dakika unapata uchungu usiotibika kwa chumvi wala sukari.

Kusaga hekaluni hufanywa kwenye bakuli la udongo lenye michirizi ndani, kwa mchi wa mti, mtu akiwa amepiga magoti. Mchi unazungushwa, hautwangi. Kinu chetu cha kutwangia hupasua mbegu na kutoa mafuta upesi, lakini huacha maganda makubwa. Ukikitumia, malizia kwa kuzungusha mchi ukisugua ukuta wa kinu mpaka upate uji mzito unaong'aa. Mashine ya kusagia inafaa pia: ufuta na nusu ya maji, dakika mbili, pumzika, dakika moja tena. Kisha ongeza maji yaliyobaki na ukamue kwa kitambaa safi cha pamba, kama unavyokamua tui la nazi, kwa nguvu mpaka machicha yawe makavu. Pima tui. Linatakiwa liwe mililita 450; likipungua ongeza maji kidogo kwenye machicha ukamue tena.

Wanga wa asili ni kuzu, unaotolewa kwenye mizizi ya mmea unaotambaa wa jamii ya kunde. Ni ghali na huku ni adimu. Mbadala mzuri ni wanga wa muhogo, na tafadhali usichanganye na unga wa muhogo. Unga una nyuzinyuzi na utakupa ugali wa rangi ya kijivu. Wanga ni ule mweupe, mororo, unaolia ukiubana kati ya vidole. Wanga wa muhogo peke yake huvutika sana, kama gundi ya kutafuna. Wanga wa mahindi peke yake hukatika kama jibini kavu na hauwi angavu. Sehemu mbili za muhogo kwa moja ya mahindi hukaribia kuzu vizuri.

Yeyusha wanga kwenye tui lililo baridi. Kwenye tui la moto wanga utashikana madonge papo hapo na hayatayeyuka tena. Uchuje mchanganyiko mara moja zaidi, utie chumvi, na uingize kwenye sufuria yenye kitako kizito. Moto wa kadiri. Mwiko uwe wa mti, wenye ncha bapa, ufike pembeni mwa kitako, kwa sababu wanga ni mzito na kila unapoacha kukoroga huzama, unashika chini, unaungua. Dakika ya nne au ya sita utaona madonge laini yanajitokeza chini. Usishtuke na usiongeze maji. Ni dalili kwamba wanga umeanza kunywa. Punguza moto kidogo na ukoroge kwa kasi mpaka yote yawe mamoja.

Kuanzia hapo ni dakika 12 hadi 15 za moto mdogo, na kazi inabadilika kutoka kukoroga kuwa kusonga. Watu wengi huharibu hapa. Uji ukishakuwa mzito na kung'aa kidogo hudhani umeiva, wakaupoza, na tofu ikatoka yenye ladha ya wanga mbichi, ikitoa maji kesho yake. Chembe za wanga zinahitaji muda wa joto na wa kusongwa ili zivimbe zote, na mafuta ya ufuta yapate kusambaa na kushikwa. Dalili ya kuiva ni tatu: mwiko ukipitishwa chini, kitako cha sufuria kinaonekana kwa sekunde moja mbili kabla hakijafunikwa, mchanganyiko unaachana na kingo, na tone lililowekwa kwenye maji baridi linashikana, likiumwa linarudi. Ukiona mafuta yanajitenga juu, moto umezidi. Toa sufuria motoni, ongeza kijiko kimoja cha maji, songa kwa nguvu mpaka yarudi.

Katika dakika hizo 15 huwezi kufanya jambo lingine. Huwezi kujibu ujumbe, huwezi kukata mboga. Fikra huondoka, mkono hupungua, na harufu ya kuungua hukuambia ulikuwa umeondoka. Ndiyo maana nachagua chakula hiki kuliko kingine chochote kwa anayeanza: sufuria yenyewe ndiyo mwalimu, na husahihisha bila kungoja.

Lowesha chombo cha sentimita 12 kwa 12 kwa maji, mimina, gonga chombo mezani mara mbili hewa itoke, sawazisha kwa kiganja kilicholowa. Tandaza karatasi laini ya jikoni inayogusa uso wa tofu ili usifanye ngozi. Kisha weka chombo ndani ya beseni la maji baridi, saa moja au mbili. Usikimbilie jokofu. Wanga ukikaa kwenye baridi kali hukaza, hugeuka mweupe kama chaki na kutema maji. Kama lazima ulaze mpaka kesho, iache jokofuni lakini uipashe kwa mvuke dakika chache kabla ya kula. Kata kwa kisu kilicholowa. Inaliwa na matone ya sosi ya soya na tangawizi mbichi iliyokwaruzwa. Kidogo. Ukitia sosi nyingi, ufuta umeufuta.

Machicha yasitupwe. Yakaange makavu kwa moto mdogo na chumvi, yanyunyizie uji, au yachanganye na mchicha uliochemshwa na kukamuliwa: gramu 200 za mchicha, vijiko vitatu vya machicha, kijiko cha chai cha sosi ya soya.

Limebaki kula. Watawa wa Zen hula kwa bakuli zinazoingiana, zilizofungwa kwenye kitambaa. Kabla ya kula hukariri mambo matano: kazi iliyokileta chakula hiki, mwenendo wangu unastahili nini, kujilinda na uroho, chakula kuwa dawa ya mwili, na lengo la kukipokea. Punje chache hutengwa kwa ajili ya viumbe wengine. Mwisho hupitishwa maji ya moto au chai. Mtu hubakiza kipande cha figili ya kachumbari, hukishika kwa vijiti, husugulia bakuli kubwa, huhamishia maji kwenye la kati, kisha dogo, hula kipande, hunywa sehemu ya maji, na yanayobaki hukusanywa.

Kwa nyumbani anza na bakuli moja tu, la uji. Kipande cha figili kiwe kinene nusu sentimita, kikiwa chembamba hukatika. Maji yawe ya moto sana na machache, robo ya bakuli, na yamiminwe kabla uji haujakaukia. Zungusha kuanzia ukingoni kwenda chini ili mabaki yasirudi juu. Utaratibu huu unafaa tu kwa mlo usio na mafuta mengi: ukishakaanga kitu, figili haitoshi, tumia sabuni.